Sasa na Zamani: Habari za Kasisi John Mbiti

Maneno sasa na zamani twayatamka kila siku bila kuyafikiri. Lakini wanafunzi wa falsafa katika nchi za mbali hufundishwa maneno hayo hayo mawili, yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili chetu katikati ya kitabu cha Kiingereza, African Religions and Philosophy, kilichotolewa mwaka 1969. Mwandishi wake ni marehemu John Samuel Mbiti, kasisi wa Kanisa la Anglikana, naye ndiye nitakayeeleza habari zake.

Alizaliwa mwaka 1931 huko Mulango, Kitui, katika nchi ya Wakamba, Kenya. Alisoma Alliance High School, kisha Makerere, kisha Marekani, na mwaka 1963 akapata udaktari wa Cambridge. Alihudumu kanisani Uingereza kwa muda, na mwaka 1964 akaja kufundisha Makerere, akakaa miaka 10.

Siku zile vitabu vingi vya wageni vilisema kwamba Mwafrika hana dini ila ushirikina, na falsafa ndiyo kabisa hana. Mbiti hakujibu kwa hasira, alijibu kwa kukusanya. Kitabu chake cha mwaka 1970 kilieleza jinsi makabila karibu 300 yanavyomtaja Mungu, ili ionekane wazi kwamba Mungu alijulikana huku kabla mmisionari wa kwanza hajafika.

Lakini jambo lililompa sifa, na lawama pia, ni hoja yake juu ya wakati. Katika masomo yake ya Cambridge alichunguza jinsi Wakristo wa Kikamba walivyoelewa mahubiri ya kurudi kwa Yesu. Akaona kwamba vitenzi vya Kikamba vya wakati ujao havifiki mbali: miezi michache, au miaka miwili hivi. Basi aliyehubiriwa kwa lugha hiyo kwamba Yesu atarudi, alielewa kuwa ni karibu sana. Hapo Mbiti akasema kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati hauendi mbele, bali hurudi nyuma. Sasa ni yale tunayoyaishi, pamoja na jana kidogo na kesho kidogo. Zamani ni ghala kubwa ambamo kila jambo huishia. Aliazima maneno ya Kiswahili kwa kuwa yale ya Kiingereza yalikwisha kuwa na maana nyingine vichwani mwa watu.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Jina Utemini latokana na utemi, na utawala wa watemi ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1963. Kwa mzee aliyemwona mtemi kwa macho yake, habari hizo zingali katika Sasa. Wazee hao wakiisha, zitazama katika Zamani, libaki jina tu. Na wafu ni vivyo hivyo. Aliyekufa, ikiwa bado yuko mtu amkumbukaye kwa jina, Mbiti alimwita mfu aliye hai. Hufa kabisa siku afapo mtu wa mwisho aliyemjua. (Ndiyo maana kumpa mtoto jina la babu si pambo.)

Hoja hiyo haikupokewa na wote. Mshairi Okot p'Bitek wa Uganda alimlaumu yeye na wenziwe kwa kuivalisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki. Kwame Gyekye wa Ghana alikataa kwamba Mwafrika hana wakati ujao wa mbali.

Mimi naona hivi. Alizeti yampa Mbiti haki: hupandwa wakati wa mvua, huvunwa kabla mwaka haujazunguka. Lakini ng'ombe wampinga. Mzee wa Kinyaturu atunzaye mtamba leo ili mwanawe mdogo apate mahari, hesabu yake ni ya miaka 15 au 20, wala hangoji kitenzi kimpe ruhusa. Na Kiswahili chenyewe kina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, na ile -ta- yetu haina mpaka: mvua itanyesha jioni, na dunia itakwisha. Nadhani aliitegemea sarufi mno. Hata hivyo, ni wachache kabla yake waliodhani kwamba sarufi ya Kikamba yaweza kuulizwa swali la falsafa.

Mwaka 1974 alikwenda Uswisi kuongoza chuo cha Bossey cha Baraza la Makanisa Ulimwenguni, kisha akawa mchungaji katika mji wa Burgdorf na profesa wa Chuo Kikuu cha Bern. Alifariki mwezi wa Oktoba 2019, akiwa na umri wa miaka 87. Katika uzee wake alilifasiri Agano Jipya lote kwa Kikamba, moja kwa moja kutoka Kigiriki, likatolewa mwaka 2014. Ikiwa yuko mwenzetu ajuaye Kikamba, namwomba anisomee zile sura za kurudi kwa Yesu, nijue ni kitenzi gani alichokichagua.