Anwani Badala ya Data: Mawasiliano ya Programu katika Tarakilishi Kuu

Makala haya yanafafanua jinsi programu inavyoikabidhi nyingine data katika tarakilishi kuu za IBM, tangu System/360 iliyotangazwa mwaka 1964. Kwa kawaida, data yenyewe haitumwi. Rejista 1 hubeba anwani ya orodha. Kila kipengee cha orodha hiyo, chenye baiti 4, ni anwani ya mahali data ilipohifadhiwa katika kumbukumbu. Biti ya kwanza ya kipengee cha mwisho huwa 1, ishara kwamba orodha imekoma. Ishara hiyo ikikosekana, programu inayoitegemea huendelea kusoma yasiyoihusu. Aidha, ikumbukwe kwamba programu iliyoitwa ikibadilisha data, hubadilisha asili yenyewe wala si nakala. Hivyo basi, kukabidhi anwani ni kukabidhi amana.