Jua Lisilotua na Barafu ya Kale: Kiangazi cha Watafiti wa Antaktika

Kiangazi cha bara la Antaktika huanza Novemba na kumalizika mapema Februari, na katika kipindi hicho kifupi ndipo hufanyika karibu kazi zote za utafiti zinazohitaji watu wengi na mitambo mizito, kwa kuwa baridi kali ikishaingia, kituo kama Concordia, kinachoendeshwa kwa pamoja na Ufaransa na Italia, hukaa takribani miezi tisa bila kufikiwa na ndege wala msafara. Mafuta na mizigo mizito huletwa kutoka pwani na matrekta yanayokokota matela juu ya theluji kwa umbali wa takribani kilomita 1,100.

Kazi kubwa ya viangazi vya karibuni imekuwa kuchimba barafu ya kale mahali paitwapo Little Dome C, kilomita zipatazo 35 kutoka Concordia, ambako Januari 2025 watafiti wa mradi wa Ulaya uitwao Beyond EPICA walifikia kina cha mita 2,800, penye barafu yenye umri wa miaka milioni 1.2 au zaidi. Mtambo unaoning'inia kwenye kebo hukata barafu kwa mduara na kupandisha juu mche wake, yaani kipande kirefu cha mviringo, ambacho ndani yake mna viputo vya hewa iliyonaswa theluji ya kila mwaka ilipokandamizwa na ile iliyoanguka juu yake. Hewa hiyo ni ushahidi wa moja kwa moja wa hali ya zamani: mche wa awali wa Concordia, unaorudi nyuma miaka 800,000, ulionyesha kwamba katika muda huo wote, kabla ya zama za viwanda, kabonidioksidi haikuzidi sehemu 300 katika kila sehemu milioni moja za hewa, ilhali leo imepita 420.

Gharama ya ushahidi huo hulipwa pia na mwili wa binadamu. Concordia iko mita 3,233 juu ya usawa wa bahari, lakini kwa sababu tabaka la hewa ni jembamba zaidi karibu na ncha za dunia kuliko kwenye ikweta, mapafu hupata oksijeni kana kwamba mtu yuko mita 3,800 hivi, juu kidogo ya kambi ya Horombo mlimani Kilimanjaro. Kwa hiyo mgeni huumwa kichwa, hukosa pumzi na usingizi, na hutakiwa kupumzika siku za mwanzo mpaka mwili uzoee. Hewa kavu mno huunyang'anya mwili maji kwa kila pumzi, na theluji huakisi sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana ambayo huunguza konea, utando angavu wa mbele ya jicho, na kuleta maumivu makali yaitwayo upofu wa theluji. Ndiyo maana miwani ya giza huhesabiwa kuwa kinga, si pambo.

Zaidi ya hayo, jua halitui, na melatonini, homoni inayouashiria mwili kwamba usiku umefika, hutolewa kwa wingi gizani tu, hivyo timu hulazimika kuziba mwanga vyumbani na kulala kwa ratiba isiyobadilika hata kama nje ni mchana mweupe.

Nidhamu hiyo ni sehemu ya sayansi yenyewe, kwani karibu na mwamba barafu imebanwa kiasi kwamba mita moja yaweza kubeba hadi miaka 13,000, na mkono uliochoka ukiangusha au kuchanganya mpangilio wa kipande kimoja tu, huvuruga kumbukumbu ndefu kuliko historia yote iliyoandikwa na binadamu.