Udongo Uliofunikwa, Bukari Yenye Nguvu

Mwezi wa 9, kabla mvua haijaanza hapa Kamina, tembea bila viatu saa 7 mchana katika shamba lililochomwa moto. Je, utavumilia? Hapana, utakimbilia kivuli. Basi ujue ya kuwa udongo huo una wakaaji wasioweza kukimbia.

Wakaaji hao ni kuvu za mizizi. Wewe wajua uyoga unaochipuka chini ya miti ya mwituni wakati wa mvua. Uyoga mwingi wa namna hiyo umeungana na mizizi ya miti. Mahindi, mtama na ulezi pia yana kuvu zao, ila hizo hazitoi uyoga. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele. Mwaka 1885, A. B. Frank wa Ujerumani aliupa umoja wa kuvu na mizizi jina la mikoriza.

Kazi yao ni nini? Nyuzi hufika mahali mzizi usipofika, zikaleta fosfori na zinki. Mmea nao huzilisha sukari. Katika udongo wetu mwekundu, chuma huishika sana fosfori, kwa hiyo msaada huo ni mkubwa.

Mizizi ya mahindi hupenda joto la digrii 25 hadi 30. Likipita 35, mizizi huchoka na kuvu nyingi hudhoofika. Udongo ulio uchi hupata joto hilo upesi.

Mtoto huhitaji zinki ili akue na vidonda vyake vipone. Tangu mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF hushauri mtoto anayehara apewe zinki siku 10 hadi 14, pamoja na maji ya chumvi na sukari.

Basi, fanya hivi:

1. Usichome mabua na majani, yatandaze shambani.
2. Usilime kwa kina pasipo sababu, maana jembe hukata nyuzi.
3. Panda kunde au karanga kati ya mahindi. Zinafunika udongo na kulisha kuvu. Kabichi haizilishi.
4. Bukari peke yake haitoshi, hata ya mahindi mazuri. Mpe mtoto pia kunde, karanga na samaki.

Lakini mtoto akihara leo, usingojee mavuno. Mpe maji ya kunywa, umlete hospitali.