Kukodi Gari-Nyumba kwa Safari ya Port Aransas

Port Aransas ni mji mdogo wa ufukoni katika kisiwa cha Mustang, jimbo la Texas, nchini Marekani. Mtumiaji anayekodi gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo, ili akapige kambi huko hufunga mikataba miwili: wa gari na wa kiwanja cha kambi. Msimu wa vimbunga ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Mnamo Agosti 2017 kimbunga Harvey kiliuharibu mji huo vibaya. Kiwanja kikifungwa kwa dhoruba nawe ukarudishiwa fedha, hilo pekee halimlazimishi mwenye gari kurudisha zake. Usilipe, basi, kabla hujaonyeshwa kwa maandishi ni katika hali gani malipo ya gari hurudishwa, na kwa kiasi gani.

Jambo la pili halionekani kwa urahisi. Mji huruhusu magari kuegeshwa na kulaza watu ufukoni kwa kibali, ilhali mikataba mingi ya kukodi hukataza kuendesha mchangani. Gari likinasa, au maji ya chumvi yakila vyuma vyake, bima yaweza isikufae na amana yako ikakatwa. Kibali cha mji hakitakutetea mbele ya mwenye gari.

Kivuko kutoka Aransas Pass ni cha bure, ingawa foleni za kiangazi huchosha. Siku ya kukabidhiwa gari, lipige picha pande zote, paa likiwamo, na kila mchubuko wa zamani uandikwe kabla hujatia saini.