Je, Wajua? Mboga za Majira ya Baridi Hupandwa Wakati wa Joto

Je, wajua kwamba kinachozizuia mboga kukua katika nchi za kaskazini si baridi peke yake? Ni uhaba wa mwanga. Mchana ukishapungua chini ya saa 10, mmea karibu unaacha kabisa kukua, hata ukiufunika vizuri namna gani. Wakulima wa Nairobi na Kampala hawalijui tatizo hili, maana kwao usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima. Lakini huko Portland, katika jimbo la Maine nchini Marekani, ambako wamehamia Wakongo na Warundi wengi wanaozungumza Kiswahili, mchana wa mwishoni mwa Desemba haufiki saa 9. London haufiki hata saa 8.

Kwa hiyo mbegu za mboga za Januari humwagwa Julai, Agosti na mwanzoni mwa Septemba, watu wakiwa bado wamevaa fulana. Novemba ikiingia, spinachi, karoti na sukuma wiki ziwe zimeshakomaa au zimebakiza kidogo. Kuanzia hapo bustani ni ghala: mboga hazikui na wala hazifi, wewe unachuma tu. Anayeanza kupanda Oktoba amechelewa, na huu ndio ushauri ambao mgeni wa nchi hizo anauhitaji kuliko mwingine wowote.

Maine hiyohiyo ndiko aliko Eliot Coleman, mtu aliyewafundisha Wamarekani wengi kula mboga mbichi za bustani zao katikati ya theluji. Mwaka 1968 alinunua kipande cha msitu huko Harborside, kwenye latitudo ya 44 kaskazini, kutoka kwa wanandoa Helen na Scott Nearing, akakata miti na kuanza kuutengeneza udongo kwa mboji na samadi. Mbinu yake haihitaji mafuta wala umeme. Anajenga kitalu nyumba cha plastiki kisichopashwa moto, na ndani yake anazifunika mboga tena kwa kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, kilichoegeshwa juu ya vipande vya waya vilivyopindwa. Kwa hesabu yake, kila tabaka moja la kufunika ni sawa na kuihamisha bustani kilomita 800 kuelekea kusini. Matabaka mawili, basi, yanamfikisha mbali. Kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu mavuno ya misimu minne bado ndicho ningempa kwanza ndugu anayehamia huko.

Huna nafasi ya kitalu nyumba? Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako, liweke juu ya tuta, kisha ulifunike kwa dirisha la zamani lililoinamia upande wa kusini. Kukiwa na jua kali lifungue kidogo, hata kama nje kuna theluji. Mboga nyingi za ndani ya masanduku haya huuawa na joto la mchana wakati mwenyewe akihofia baridi ya usiku.

Sukuma wiki iliyopigwa na jalidi ni tamu kuliko ile ya Agosti. Baridi inapozidi, mmea hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na maji yenye sukari huganda kwa shida zaidi kuliko maji matupu. Utamu huo ndio kinga ya mmea, na sisi tunaufaidi. Karoti nazo hufanya hivyohivyo. Ziache ardhini, zifunike kwa matandazo ya nyasi kavu yenye kina cha sentimita 30, na utazing'oa hadi katikati ya majira ya baridi. Mbegu za sukuma wiki hazisumbui kupatikana Marekani, kwa sababu Wamarekani Weusi wa majimbo ya kusini wamekuwa wakipika mboga ya jamii hiyohiyo kwa vizazi.

Ukitoka asubuhi ukaikuta sukuma wiki imenyauka na kuganda, usiiguse. Barafu imejitengeneza nje ya seli za majani, na kulishika jani likiwa katika hali hiyo ndiko kunakozichana seli. Subiri mchana. Itainuka yenyewe.

Mchicha hauna ustahimilivu huo. Jalidi ya kwanza huumaliza.

Je, wajua kwamba usiku wa kuogopwa zaidi ni ule wenye nyota nyingi? Mawingu hurudisha chini sehemu ya joto linalotoka ardhini. Anga likiwa wazi na upepo umetulia, joto lote hupanda na kupotea. Wakulima wa chai wa Kericho na Limuru wanalifahamu jambo hili vizuri, maana jalidi inayounguza majani yao huja katika kiangazi cha Januari, si katika miezi ya mvua. Kwa hiyo funika mboga kabla ya jua kuzama, wakati udongo bado una joto la kutunza.

Theluji, kinyume chake, ni rafiki. Sehemu kubwa ya theluji mpya ni hewa, na hewa iliyonaswa haipitishi joto kwa urahisi. Nje kunaweza kuwa na nyuzi 20 chini ya sifuri, huku udongo ulio chini ya theluji nene ukikaribia sifuri tu. Usiikwangue juu ya matuta.

Kitunguu saumu ni tofauti na mboga hizo: hupandwa Oktoba na kuvunwa Julai. Bila majuma kadhaa ya ubaridi, punje uliyoipanda huenda ikatoa kitunguu kimoja cha duara kisichogawanyika. Saumu inayosifika Tanzania hutoka Mbulu, kwenye baridi ya nyanda za juu, na sababu ni hiyohiyo.

Tuje kwenye majani yanayopukutika, maana hapa ndipo mkulima wa kilimo hai anapoumia moyo. Kila mwaka, katika miji ya kaskazini, watu huyakusanya, huyatia kwenye mifuko na kuyaweka barabarani yachukuliwe na gari la taka. Hiyo ni mbolea inayotupwa! Mboji nzuri hutaka takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Maganda ya viazi, masalia ya chai na mabaki ya mboga yana naitrojeni ya kutosha. Kinachokosekana jikoni ni kaboni, na majani makavu yamejaa kaboni. Weka magunia kadhaa mahali pasipovuja, na kila unapomwaga taka za jikoni, funika kwa majani. Rundo likifika mita moja kila upande, vijidudu vyake vinaweza kulipasha hadi nyuzi 55 na zaidi, na utaliona likitoa mvuke katikati ya theluji.

Utaalamu huu una historia inayotugusa. Albert Howard, Mwingereza aliyefanya kazi Indore nchini India, alichapisha mwaka 1931 namna ya kutengeneza mboji aliyoijenga kwa kutazama kilimo cha Wahindi na Wachina. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 mashamba ya kahawa ya Kiambu, Kenya, yalikuwa tayari yanaitumia.

Paris ya karne ya 19 ilikula saladi wakati wa baridi kwa sababu ya farasi. Wakulima wa mboga wa mji huo walikusanya samadi mbichi kutoka kwenye mazizi, wakaishindilia, wakaweka udongo juu yake na kufunika kwa vioo. Samadi ikioza ilitoa joto lililopasha mizizi kutoka chini. Usiku walitandika mikeka ya nyasi juu ya vioo. Wawili kati yao, Moreau na Daverne, waliyaeleza hayo yote katika kitabu cha mwaka 1845. Magari yalipowaondoa farasi mitaani, joto hilo la bure nalo likaondoka.

Charles Darwin alimaliza maisha yake ya uandishi kwa kitabu kuhusu nyungunyungu, mwaka 1881. Alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza hupandisha juu zaidi ya tani 10 za udongo kwa ekari kila mwaka. Walishe kwa matandazo, waache walime.

Usiling'oe kila shina lililokauka. Ndani ya mashina matupu hulala nyuki wapweke, na chini ya majani hujificha wale wadudu wekundu wenye madoa meusi ambao wakiamka watawala vidukari wako. Bustani iliyofagiwa mpaka ikang'aa imewafukuza walinzi wake.

Viazi mviringo, hata hivyo, vichimbue vyote. Kimelea cha ugonjwa wa bakajani chelewa hakifi ndani ya kiazi hai kilichosahauliwa ardhini. Hungoja humo, kisha huamkia kwenye nyanya.

Tuta lisilo na mboga lisilale uchi. Panda rai, nafaka inayoweza kuota udongo ukiwa na nyuzi chache tu juu ya sifuri. Mizizi yake itaushika udongo usichukuliwe na maji ya theluji inayoyeyuka. Changanya na mmea wa jamii ya kunde unaovumilia baridi, ili upate naitrojeni. Mwezi Mei, rai ikianza kuchanua, ikate na kuilaza palepale, kisha ngoja majuma mawili au matatu kabla ya kumwaga mbegu ndogo kama za karoti au mchicha, kwa sababu masalia yake hutoa kemikali zinazozuia mbegu kuota. Miche iliyokwisha kukua inaweza kuhamishiwa hapo mapema zaidi.