“Naomba unisaidie” au “nisaidie”? Adabu ya ombi katika barua pepe kwa mhadhiri

Barua pepe nyingi za wanafunzi huanza kwa heshima na kumalizikia kwenye amri. Tutazame mfano huu wa kubuni: “Assalamu alaikum Mwalimu. Natumai u mzima wa afya. Nipitie sura ya pili ya tasnifu yangu, naihitaji kesho.” Salamu imetimia na sarufi haina kasoro, hata hivyo mpokeaji huhisi kwamba ameagizwa. Mlangoni pa ofisi, iwe Vuga au Tunguu, maneno hayo hayo yangetanguliwa na hodi na kulainishwa na sauti ya chini na uso wa haya. Katika barua pepe vyote hivyo havipo, na mzigo wa adabu unabaki kwa kitenzi.

Kitenzi na viambishi vyake

Kiswahili Sanifu hakina kiwakilishi maalumu cha kumheshimu mtu mmoja: mhadhiri na rafiki wote ni “wewe”. Heshima hubebwa na jina la wadhifa (Mwalimu, Maalim, Dkt., Profesa) na umbo la kitenzi. Linganisha:

- *Nisaidie.* Ni amri. Yafaa kwa mwenzio au wakati wa dharura.
- *Naomba unisaidie.* Ni ombi la kawaida lenye adabu, linalofaa karibu kila mahali.
- *Naomba nisaidiwe* au *naomba kusaidiwa.* Kauli ya kutendwa haimtaji msaidizi, hivyo haimbani. Yafaa zaidi kwa ofisi kuliko kwa mtu mmoja unayemfahamu.
- *Nilikuwa naomba unisaidie.* Wakati uliopita hulisogeza ombi mbali kidogo na kulilainisha. Husikika sana katika mazungumzo. Katika maandishi rasmi “naomba” yatosha.

Jihadhari na “naomba nisaidie”, umbo lililoenea sana. Kiambishi *u-* kimedondoka, na kwa sarufi sanifu maana yake ni kwamba mwandishi anaomba *yeye* asaidie. Andika “naomba unisaidie”.

Kwa nini si “unaweza”?

Masomo mengi ya vyuo vikuu nchini hufundishwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi huunda ombi kwa Kiingereza kwanza, kisha wakaandika “Je, unaweza kunisaidia?” au “Ungeweza kunisaidia?” Maumbo haya yanaeleweka na yanazidi kuzoeleka, lakini kwa msomaji mtu mzima yanaweza kusikika kama swali kuhusu uwezo wake. Mfasiri anayekutana na ombi la Kiingereza la namna hii afikirie kwanza “naomba” pamoja na kitenzi chenye kiishio *-e*.

Hapa nadharia inahitaji kutumiwa kwa uangalifu. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika kitabu chao cha 1987, walihusisha adabu kwa kiasi kikubwa na kuzungukia jambo. Mwaka huo huo Shoshana Blum-Kulka, akilinganisha Kiebrania na Kiingereza, alionyesha kwamba kuzungukia na kuwa na adabu si kitu kimoja: vidokezo vya mbali havikuonekana kuwa ndivyo vyenye adabu zaidi. “Naomba” yetu inaunga mkono tahadhari hiyo. Inalitaja ombi waziwazi, bila kuzunguka, na bado ni ya kiungwana.

Maneno yasiyotosha peke yake

“Tafadhali” haiondoi amri. “Tafadhali nijibu leo” bado ni agizo. “Haraka iwezekanavyo” humharakisha mkubwa bila kumpa sababu. Taja tarehe na sababu yake. “Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu”, fomula ya barua za kiofisi, nayo ni amri, na katika barua pepe haina kazi, kwani mada imekwisha kuandikwa mahali pake. “Natanguliza shukrani”, kinyume chake, ni tamati nzuri.

Salamu nayo iwe moja. “Assalamu alaikum”, “Shikamoo Mwalimu” na “Habari za kazi” zikirundikwa pamoja, ombi husukumwa chini na huenda lisionekane. Mwanafunzi aliyeomba kwa woga hadi ombi likapotea hupitwa na tarehe yake sawasawa na yule aliyemuudhi mwalimu.

Mfano uliorekebishwa

> *Mada: Ombi la kupitiwa sura ya pili ya tasnifu*
>
> *Assalamu alaikum Dkt.,*
>
> *Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa tatu, somo la isimujamii. Nimekamilisha sura ya pili, nami natakiwa kuiwasilisha tarehe 20. Naomba uipitie kabla ya tarehe hiyo, ukipata nafasi. Iwapo haitawezekana, naomba unijulishe ili niombe kuongezewa muda.*
>
> *Natanguliza shukrani.*

Sentensi iliyo muhimu zaidi hapa ni ile inayoanza na “Iwapo haitawezekana”. Ombi hutofautiana na amri kwa sababu anayeombwa anaweza kukataa bila kuvunjiana heshima, na barua hii imempa mhadhiri nafasi hiyo huku ikimwachia mwanafunzi njia nyingine.