Kitabu Kilichonikasirisha

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Unasoma barua zako mwenyewe na stakabadhi yako ya pamba bila kuomba msaada. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini iko hatua nyingine mbele yake. Nayo ni kusoma kitabu na kuwa na maoni yako.

Watu wengi hudhani kuwa jambo likishapigwa chapa haliwezi kupingwa. Sivyo. Kitabu kimeandikwa na mtu. Mtu huyo anazungumza nawe, na wewe unaweza kumjibu. Nitakueleza yaliyonipata mimi mwalimu wako niliposoma vitabu viwili hivi karibuni.

Kitabu cha kwanza ni *Kuli*, cha Adam Shafi wa Zanzibar. Kilitoka mwaka 1979. Kinaeleza maisha ya makuli, yaani wachukuzi wa mizigo bandarini Unguja, wakati wa ukoloni. Kijana Rashidi anafanya kazi nzito kwa ujira mdogo. Baadaye makuli wanaungana na kugoma. Mgomo kama huo ulitokea kweli Unguja mwaka 1948. Kitabu hiki nilikipenda tangu mwanzo. Kilisema jambo ambalo tayari nalikubali.

Kitabu cha pili ni *Rosa Mistika*, cha Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Kilitoka mwaka 1971. Kiliwahi kukatazwa mashuleni, lakini baadaye kikafundishwa katika shule za sekondari. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, anamlinda kwa ukali na kipigo. Hataki kumwona na wavulana. Rosa anapokwenda kusoma mbali na nyumbani, hajui namna ya kujiongoza. Anapotea, na mwisho anajiua.

Kitabu hiki kilinikasirisha. Nilikifunga, nikakiweka juu ya kabati siku nne. Nilisema, "Mwandishi huyu anawasingizia wazazi. Mzazi mkali ndiye mzazi mwema."

Halafu nikajiuliza, mbona nimekasirika hivi? Jibu lake halikunipendeza. Mimi nina binti wa miaka 13. Siku chache kabla ya hapo nilimkuta njiani akizungumza na mvulana wa darasa lao. Nilimchapa. Sikumwuliza walikuwa wakizungumza nini. Tangu siku ile alikuwa akiniona hunyamaza.

Nilikichukua tena kitabu nikakisoma mpaka mwisho. Jioni nikamwita binti yangu, mama yake akiwapo. Nikamwambia kuwa nilikosea kumpiga kabla ya kumsikiliza. Alijibu maneno machache tu. Lakini alijibu.

Je, nimekubaliana na mwandishi kwa kila jambo? Hapana. Mimi bado naona kuwa mtoto lazima akanywe. Lakini kumkanya mtoto si kumfunga mdomo. Hilo nimejifunza kwa kubishana na kitabu.

Basi, ndugu msomaji, kitabu kikikufurahisha au kikikukasirisha, usikitupe upesi. Fanya mambo haya matatu:

1. Soma mpaka mwisho, ujue mwandishi anasema nini hasa.
2. Jiulize ni mahali gani pamekugusa, na kwa nini.
3. Sema maoni yako mbele ya wenzako, na utoe sababu. Kisha sikiliza maoni yao.

Ukifanya hivyo, hutakuwa msomaji wa herufi tu. Utakuwa msomaji wa maisha yako pia.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mwalimu alikiweka kitabu juu ya kabati?
2. Je, mzazi akimwomba mtoto wake radhi, anajivunjia heshima? Toa sababu.
3. Taja habari uliyoisoma ambayo hukukubaliana nayo. Ungemjibu nini mwandishi?